Mahali pa Uzi Mwekundu

Sanduku la hema letu ni la bati, la kijani kilichobabuka, na ndani ya kifuniko chake mama aliandika kwa wino mzito vitu vyote vya kubeba tukienda kulala nje. Sio orodha tu. Mama hawezi kuandika kitu bila kukigombeza. Ameandika, "Soksi za kulalia, ZISIVALIWE MCHANA." Ameandika, "Maboksi ya kutandika chini ya magodoro, baridi inatoka ardhini sio mbinguni." Ameandika, "Tochi, na betri, na betri zisiwe za kwenye rimoti." Hiyo ya betri inamhusu baba.

Mama yuko hai. Nasema mapema, maana watu wakisikia hayupo nyumbani wanashusha sauti na kunishika bega. Yuko mji mwingine, anashona sare kwenye kiwanda, ana chumba chake, na anapiga simu kila Jumapili saa kumi jioni. Mwanzoni alikuwa anarudi kila mwisho wa mwezi. Baadaye ikawa mwezi huu ndiyo, ule hapana. Kisha akaja siku moja kuchukua cherehani yake. Baba akamsaidia kuibeba mpaka kwenye teksi, wakapishana mlangoni kwa adabu, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, kama wageni wawili hotelini. Tangu siku hiyo hajarudi. Mimi na mdogo wangu hakuna aliyetuambia chochote. Kwetu watu hawaambiani mambo, wanayaacha yaonekane yenyewe.

Baba ni fundi wa friji. Jioni ile alikuwa mezani anafungua kidude cha friji ya mtu, skrubu zote kazipanga kwenye kisahani, na bila kuinua kichwa akasema Ijumaa tunaenda kambini, tunalala siku mbili. Nikafurahi kabla hajamaliza. Halafu akamaliza. Alisema tukirudi, Jumanne, baba mdogo atakuja kulichukua hema. Yeye ana watoto wanne na hana hema. Sisi tunalo na halitumiki.

Mdogo wangu tunamwita Swali, mkimuona dakika mbili tu mtajua kwa nini. Akauliza kwa nini halitumiki wakati Ijumaa tunaenda kulitumia.

"Ni kubwa," baba akasema, akachukua skrubu.

Swali akauliza kwani lilikua. Bibi akacheka kule jikoni. Mimi nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho kabisa, kimekaa tayari, lakini mimi maneno yangu huwa yanafika mlangoni yanakuta pamefungwa. Shuleni mwalimu wa jiografia ameshawahi kuniandika sijafika wakati nimekaa dawati la tatu. Niliitikia, ila kwa sauti ya kunitosha mimi mwenyewe.

Nilichotaka kusema ni hiki. Usilitoe.

Nyumbani vitu vya mama vimekwisha kimoja kimoja. Kikombe chake kilivunjika, na pale ilipokuwa cherehani sasa pana kitanda cha bibi, aliyekuja kukaa na sisi. Hema ndilo limebaki vilevile. Mama alilishonea zulia la ndani kwa mapazia yetu ya zamani, na kwenye zulia akamwekea kila mtu mstari wa uzi, pa kulaza kichwa. Baba njano, kushoto kabisa. Mama mwekundu, katikati. Kisha Swali bluu, kisha mimi kijani, kulia ukutani. Alisema yeye analala katikati ili mtu yeyote akimhitaji usiku anyooshe tu mkono. Nikimkumbuka mama simkumbuki akiwa jikoni wala mlangoni. Namkumbuka gizani anauliza, nani huyo hajalala.

Basi nikapanga hivi. Safari iwe nzuri. Tulale vizuri, tuamke vizuri, kusiwe na aliyelowa wala aliyekosa kijiko, mpaka baba mwenyewe aone hema bado lina kazi. Sikuwa na mpango mwingine. Wa kuongea haukuwepo.

Siku nne nilipakia kwa kufuata kifuniko. Niliomba maboksi dukani nikayabomoa yakawa bapa. Soksi za kulalia nilizitia kwenye mfuko wa mkate, nikaufunga. Nilichana shuka jeupe vipande vipande vya kufunga kwenye kamba za hema, maana kifuniko kinasema, "Vitambaa vyeupe kwenye kamba, baba yenu atajikwaa." Nilihesabu vigingi, viko kumi na sita, viwili vimepinda. Chupa mbili za maji ya moto za mpira. Mablanketi saba. Baba aliponiona nabeba maboksi alisema tu nisiupinde mgongo. Kifunikoni hakuangalia. Nimemchunguza, akifungua lile sanduku anakiegemeza kifuniko ukutani upesi, maandishi yakatazama ukuta.

Bibi, mama yake baba, alikuwa hajawahi kulala kwenye hema maishani mwake na hakuona sababu ya kuanza. Alisema yeye na marehemu babu walijenga nyumba ya matofali mahsusi ili asije akalala ndani ya nguo. Lakini baba alimwambia hawezi kwenda peke yake na watoto wa kike wawili, ndipo akakubali, akabeba mto wake, stuli yake ndogo na mwavuli.

"Mke mwenzangu," akaniambia ndani ya gari, "nikifia huko unirudishe na huu mto. Usimwachie mtu."

Kambi yenyewe ni uwanja wa majani chini ya misonobari, una bomba la maji, vyoo, na mlinzi mwenye daftari. Mlinzi alituhesabu akaandika wanne. Akalitazama hema lilivyokunjwa, akasema hilo ni la watu sita, mtapigiana simu humo ndani. Baba hakucheka. Akachagua pa kulisimamisha, mimi na Swali tukaokota mawe na mbegu za misonobari, maana jiwe dogo mchana linakuwa tofali usiku.

Kulisimamisha hema letu kuna utaratibu. Mmoja anaingia ndani, anashika nguzo ya katikati, kitambaa kimemfunika kichwa, na mwenzake anazunguka nje anavuta kamba na kugonga vigingi. Wa ndani alikuwa mama. Mara hii niliingia mimi. Mle ndani kulikuwa na giza la kijani na harufu ya mwaka juzi, moshi, sabuni, na kitu kama nywele. Nikaikumbatia nguzo. Nikamsikia baba anazunguka, nyundo inagonga, ta, ta, anavuta, anahamia kigingi kingine. Akafika upande wa mlango.

"Vuta kwako kidogo, mama watoto," akasema.

Nyundo ikanyamaza. Nilisimama na ile nguzo, sikujua nivute au nisivute. Hata Swali hakuuliza kitu. Kisha nikavuta kidogo, kamba ikakaza, hema likasimama, na baba akaendelea kugonga. Nilipotoka alikuwa ananyoosha kigingi kimoja kilichopinda, amekipa mgongo kila mtu.

Jioni ilienda vizuri. Tulikula, tukaosha vyombo kabla giza halijaingia, kama kifuniko kinavyotaka. Bibi alikaa kwenye stuli yake na mwavuli ameufungua ingawa mvua haikuwepo, akasema anaizoesha. Vitambaa vyangu vyeupe vilionekana vizuri sana. Baba alijikwaa kamba moja tu.

Halafu baridi ikaja, na manyunyu nayo. Hapo ndipo baba alipokuwa fundi friji.

Lazima nieleze. Ugonjwa wa friji nyingi, kwa maneno ya baba, ni mlango. Mpira wa mlango umechakaa, hewa inapenya, mtu analalamika mashine mbovu kumbe ni upenyo wa kuingiza kucha. Yeye anaweza kuzunguka nyumba ya watu anafuata upepo kwa kiganja mpaka aupate. Sasa hema letu lina vidirisha viwili vya wavu juu karibu na paa, na kifuniko kimeandika kuhusu vidirisha hivyo kwa herufi kubwa kuliko zote. "VYA JUU VISIFUNGWE HATA MKIGANDA." Baba akatoa utepe wake mpana wa gundi, wa rangi ya fedha, kwenye boksi la kazi, akaviziba vyote viwili. Akapita na kiganja kwenye zipu ya mlango, akaziba na pale. Akaridhika kabisa. Alisema hata sisimizi hapiti.

Bibi akatazama juu, akatazama utepe. "Umetuhifadhi kama samaki," akasema.

Na mimi nilijua. Nilikuwa nimelala nakitazama kile kidirisha, maneno ya kifuniko yamenijaa mdomoni. Lakini ningesema, ningekuwa nasema maneno ya mama, na kwetu maneno ya mama hayasemwi. Nikajisemea nitasema baadaye kidogo.

Tukaja kwenye kulala. Baba akalala kwenye uzi wa njano, akausogelea ukuta zaidi ya uzi wenyewe. Mimi kijani. Swali alitakiwa awe kwenye bluu, lakini upande wake wa pili palikuwa patupu, akaogopa, akajisukuma kwangu mpaka mimi nikawa nimebandikwa bega kwenye ukuta wa hema. Baba akamwambia bibi alale pale katikati, ndipo penye joto.

Bibi akapatazama. Pale palikuwa na uzi mwekundu, na godoro hatukuwa tumetandika, kwa sababu nilileta magodoro manne. Kifuniko kinasema matano, manne yetu na moja la mgeni. Hapo tu ndipo sikukifuata.

"Mimi ni mgeni humu," bibi akasema. "Hapo pana mwenyewe." Akajitandikia mlangoni, kukingama miguu yetu, akasema wazee hutoka mara nyingi na hataki kumkanyaga mtu.

Baba akaiweka taa pale katikati, akaongeza na sufuria na mfuko wa vikombe, akazima. Nikamsikia bibi ameshaanza kukoroma. Hema la watu sita, katikati wamelala vyombo, na sisi tumegandana kwenye kuta kama tunapisha gari.

Sijui ilikuwa saa ngapi Swali aliponitingisha.

"Dada. Hema linatoka jasho."

Nikagusa. Ukuta wote ulikuwa maji. Blanketi langu upande wa bega limelowa, nywele zimelowa, na juu tone linajikusanya kwenye mshono, linanenepa, linakatika, linamdondokea Swali kwenye shavu. Nikamsikia na baba anajigeuza. Tochi ikawaka. Na yeye alikuwa amelowa mgongo mzima, fulana imemganda, maana ukuta wa upande wake ulikuwa vilevile.

Aliizungusha tochi polepole juu na chini, kama anavyofanya akiingia nyuma ya friji ya mtu. Akagusa mshono, akanusa kidole.

"Linavuja," akasema. "Limechoka. Kitambaa kimekwisha."

Bibi akaamka akauliza kama tumefika.

"Asubuhi tunafunga, tunarudi nyumbani," baba akasema. "Hakuna haja ya siku ya pili. Baba yenu mdogo akilitaka, aliwekee turubai juu."

Alisema bila hasira. Ingekuwa hasira ningeielewa. Ilikuwa sauti ya mtu anayefunga boksi la kazi baada ya kumwambia mteja kwamba hii haitengenezeki, nunua nyingine. Nilijua akifunga hema asubuhi hii, imekwisha. Haliendi kwa baba mdogo kama kitu kizuri cha kumpa mtu. Linaenda kama kitu kibovu.

"Halivuji," nikasema.

Tochi ikanigeukia. Nilitaka kuingia chini ya blanketi. Swali alikuwa ameshika kidole changu.

"Ni pumzi zetu, baba. Umeziba vya juu. Hazina pa kutokea, zinagonga ukutani zinakuwa maji." Sauti yangu ilikuwa inatoka. "Na sisi wote tunagusa ukuta. Ukiligusa hema likiwa hivi linakupa maji yote. Tunatakiwa tusogee katikati."

"Katikati," baba akasema.

"Ndiyo."

"Pale..." akaanza, akaacha.

"Pale hakuna mtu, baba."

Manyunyu yalikuwa yamekata. Nilisikia tone linaangukia sufuria, lile sufuria lililokuwa limelala mahali pa mama, likasema ting. Baba hakunitazama tena, alikuwa anatazama lile sufuria. Nikafikiri ataniambia nilale. Nikafikiri pia huenda atalia, na hilo liliniogopesha zaidi.

Akanyanyuka kwa magoti, akanyoosha mkono, akaubandua ule utepe wa fedha kutoka kidirisha cha kwanza. Ukalia kraa. Kisha cha pili. Baridi ikaingia kama mtu aliyekuwa anasubiri nje kwa muda mrefu. Bibi akavuta blanketi mpaka puani akasema afadhali, alianza kuota yuko kwenye barafu.

Baba akatoa sufuria, taa, na mfuko wa vikombe, akavisukuma mlangoni. Akakausha ukuta kwa fulana yake ile iliyolowa, akavaa sweta kavu. Tukavuta magodoro yote manne yakagusana katikati, tukapanga mablanketi makavu, matatu chini, mawili juu. Nilikumbuka mfuko wa mkate. Nikagawa soksi za kulalia, kavu kabisa, na baba akazipokea zake akazishika kidogo kabla ya kuvaa. Zilikuwa za kijivu, mama alizishonea kiraka cha kisigino. Bibi alipewa jozi isiyo na mwenyewe. Akaniambia, mke mwenzangu, wewe umesoma. Baba akatoka akachemsha maji kwenye jiko la gesi, akajaza chupa za mpira, moja ya bibi, moja yetu.

Aliporudi alituangalia. "Nani analala hapo?" akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Mimi," nikasema.

Basi nikalala kwenye uzi mwekundu. Swali upande huu, baba upande ule, bibi miguuni, amekubali kusogea. Palikuwa na joto, kweli. Wote walilala haraka, hata baba, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Mimi sikulala. Pale katikati unasikia kila kitu. Unasikia mmoja anasaga meno, mwingine anakohoa kidogo, mwingine ameacha kupumua kwa muda, unahesabu, anaanza tena. Kila mtu amekugeukia, na hakuna aliye macho wa kukuuliza wewe. Nilikuwa nadhani mama alikuwa anatulinda. Sikuwahi kujua kwamba palikuwa na upweke namna ile, katikati ya watu wote. Nilisema kimoyomoyo, nani huyo hajalala. Nikanyamaza, kwa sababu huyo nilikuwa mimi.

Asubuhi hatukufunga hema. Baba hakusema tunabaki, alienda tu bombani akarudi na ndoo mbili za maji, mtu anayerudi nyumbani hachoti ndoo mbili. Tulianika mablanketi kwenye kamba. Alikaa karibu yangu akipuliza chai yake, muda mrefu, halafu akaniuliza, kifuniko kinasemaje kingine.

Nikamwambia. Nilianzia juu kabisa, viatu vigeuzwe chini juu usiku, chakula kisilale ndani, kichwa kielekee mlimani, miguu bondeni. Nilipofika kwenye betri za rimoti alitikisa kichwa akatabasamu kwenye kikombe. Sijawahi kuongea hivyo na baba, koo lilinikauka. Lakini kuhusu baba mdogo hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Niliogopa kwamba nikiuliza, atakuwa amelazimika kunijibu.

Usiku wa pili tulilala kavu. Jumapili wakati wa kufunga mvua ikatukuta, tukalikunja hema na maji yake, na kufika nyumbani ilikuwa saa kumi na mbili. Simu ya baba ilikuwa na namba ya mama mara mbili, njiani hakukuwa na mtandao. Hakuna aliyempigia. Baba alisema atapiga mwenyewe Jumapili ijayo.

Mstari wa mwisho wa kifuniko unasema, "Hema halifungwi bichi. Likifungwa bichi linanuka, likinuka mtalitupa." Kwa hiyo usiku uleule mimi na baba tulilianika uani, kutoka nguzo ya umeme mpaka dirisha la jikoni. Limechukua ua mzima. Ukitaka kwenda chooni unainama unapita chini yake.

Jumatatu jua liliwaka kutwa nzima. Jumanne nalo liliwaka. Nilirudi kutoka shule saa tisa nikaligusa. Lilikuwa kavu kama karatasi, linaunguza kidogo vidole. Nilisimama pale na sare yangu na begi. Lingekuwa bichi hata pembeni ningeshukuru.

Saa kumi gari la baba mdogo likapiga honi. Ni mtu mzuri, baba mdogo, mcheshi, ana mwili mkubwa, akiingia kwako unaona nyumba imepungua. Bibi alikuwa amelala, Swali yuko kwa jirani, baba yuko kazini. Baba mdogo akaniambia, haya mwanangu, liko wapi lijumba letu. Akaliona uani. Akanyoosha mikono kulishusha.

"Bado halijakauka," nikasema.

Aligeuka, nadhani kwanza kwa sababu alikuwa hajawahi kunisikia. Akashika kitambaa. Akakisugua kwa vidole. Akalitazama jua, akanitazama mimi.

"Hili?"

"Ndiyo."

"Baba yako ndiye aliyesema?"

Sikuweza kusema ndiyo, na hapana haikutoka. Nikasema tena, bado halijakauka. Akacheka, cheko la kawaida tu, akatoa simu akampigia kaka yake palepale, akaiweka sauti ya nje. Nilisikia kelele za karakana, kompresa inanguruma.

"Kaka, nipo kwako hapa. Binti yako ananiambia hema halijakauka. Mimi nimelishika, ukiliwekea njiti linashika moto."

Kompresa ikanguruma, ikanguruma. Kisha ikazimwa. Nilijua ni mkono wa baba umeizima.

"Amesema nani?"

"Huyu wako mkubwa. Huyu mnayemwita Kimya."

"Amekwambia yeye? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

Nilikuwa nalitazama lile zulia la mapazia lililoanikwa pembeni, uzi mwekundu umefifia kidogo kwa jua.

"Basi kama amesema halijakauka," baba akasema, "halijakauka."

Baba mdogo akaiangalia simu, akaniangalia mimi. Hakuwa mjinga. Alinishika kichwa kwa kile kiganja chake kizito, akasema likikauka tutaona, akaomba maji ya kunywa akaondoka.

Baba alirudi jioni. Alipita chini ya hema kwa kuinama, akanyoosha mkono, akalipapasa kwa kiganja kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anatafuta upenyo. Akaingia ndani, akanawa, akala. Liliendelea kuning'inia pale mpaka Ijumaa, jirani akauliza kama tunafungua kanisa. Ijumaa tulilikunja wote wanne. Baba alilirudisha kwenye sanduku, na safari hii kifuniko hakukigeuzia ukutani.

Jumapili saa kumi baba alipiga, wakaongea maneno manne, akanipa simu. Mama akauliza shule, akauliza afya ya bibi. Akasema Jumapili iliyopita alipiga, hatukupatikana. Nikamwambia tulikuwa kambini.

Kwa mbali nilisikia cherehani, sijui yake au ya mwenzake wa chumba cha pili.

"Na hema letu lipo?"

"Lipo."

"Mlilala vizuri?"

"Usiku wa pili."

"Nani alilala katikati?"

"Mimi."

"Pana joto pale," akasema.

Nikamwambia ndiyo, pana joto. Ningeweza kumwambia na lile lingine la pale katikati, nilikuwa nalo tayari kabisa mdomoni. Nafikiri na yeye alikuwa nalo. Tukasikilizana tunavyopumua, kisha akaniuliza kama vigingi vilitosha, nikamwambia viko kumi na sita, viwili vimepinda.